Karimjee, Mambo Msiige au Stanley: harusi ya ndani kwenye jengo la kale, mchague wapi?

Binti wa kaka yangu anaolewa. Yeye ni wa Dar, bibi yake mzaa mama ni wa Malindi, Unguja, na kijana anayemwoa ni wa Nyeri, kazi yake Nairobi. Wanachotaka wamekieleza kwa maneno machache: sherehe ya ndani, si ya ufukweni wala ya hema, jengo lenye umri wake, suti, shela na meza kuu iliyopangwa vizuri, lakini harusi isinune. Watu wacheke. Wamebaki na majengo matatu, kila upande wa ukoo unavutia la kwake, na kamati imekaa vikao viwili bila kufika popote. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo mzigo wakanitwisha mimi shangazi.

Majengo yenyewe ni Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, jumba la Mambo Msiige pale Shangani, Mji Mkongwe, ambalo leo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, na hoteli ya Stanley katikati ya Nairobi. Hata kama wewe huna mpango na lolote kati ya hayo, vipimo nilivyotumia vitakufaa kwa jumba lolote la zamani unalolifikiria.

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni hadithi ya ukuta. Jengo la kale halikodishwi peke yake, linakuja na habari zake. MC atazisema, babu ataongezea, na hakosekani mgeni mmoja mwenye ulimi atakayeuliza lile ambalo hamkutaka liulizwe. Jaribuni kuisimulia hadithi ya jengo mbele ya wakwe. Mkiona kuna mahali mnaparuka, mjue kuna jambo la kuzungumza mapema.

Cha pili ni ndani penyewe: upana, joto, ngazi, na zaidi ya yote mwangwi. Picha haionyeshi mwangwi. Niliwahi kukaa kwenye ukumbi mmoja wa kale ambako MC aliongea saa nne, na meza za nyuma hazikusikia hata jina la bwana harusi. Ukienda kukagua, nenda na mtu wa muziki, piga makofi katikati ya ukumbi, sikiliza yanavyorudi. Spika ndogo nyingi zenye sauti ya chini zinasaidia kuliko mbili kubwa kama kabati, na mapazia, mazulia na vitambaa vizito vya meza hunywa sauti.

Cha tatu, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni utani unaoruhusiwa. Heshima inaletwa na jengo lenyewe. Mtu akiingia tu akaona nguzo na milango ya kale, anashusha sauti bila kuambiwa. Msitoe pesa kuinunua tena kwa maua ya kufunika nguzo ambazo watu wamekuja kuziona. Pesa na akili zielekezeni kwenye kicheko, maana hicho jengo halikileti, na si kila jengo linakikubali. Ulizeni kuhusu ngoma, mishumaa, fataki za jukwaani, lile povu la kopo wanalopenda kumwagia maharusi, na misumari. Ukuta wa chokaa ukigongwa msumari unatoa bonge zima. Mpambaji awe na stendi zinazosimama zenyewe.

Vilivyobaki ni safari ya wageni, na mkataba pamoja na mfuko. Bei sitaziandika, kwa sababu zinabadilika kwa msimu na kwa namna mnavyojua kuongea. Nitaandika maswali ya kuuliza.

Ukumbi wa Karimjee

Hadithi yake ni ya taifa. Ukoo wa Karimjee Jivanjee uliutoa kwa mji, ukafunguliwa mwaka 1955, na mmoja wa ukoo huo, Abdulkarim Karimjee, alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria kabla ya uhuru. Hapo ndipo Nyerere alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1962. Hapo ndipo Bunge lilipokaa kabla ya kuhamia Dodoma, na Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Chifu Mkwawa wa Wahehe, akakikalia kiti cha Spika miaka na miaka. Ukiingia humo na shela umeingia katika chumba ambamo sheria za nchi zilipitishwa, pengine na ile Sheria ya Ndoa ya 1971 inayowaunganisha.

Kuna upande wa pili, na kwenye kikao ulizua mabishano ya nusu saa. Watu wengi wa Dar wakisikia "viwanja vya Karimjee" wanakumbuka msiba, kwa sababu ndipo wakubwa wengi wanapoagwa. Reginald Mengi aliagwa hapo mwaka 2019. Wifi yangu alisema wazi: siendi kucheza nilipolia. Namwelewa. Kwangu mimi halina shida, maana uswahilini kwetu turubai la msiba na la harusi ni lilelile, na viti vya kukodi vinatoka matanga kwenda kwenye ngoma siku hiyohiyo. Ila kama mzazi yeyote wa karibu ana jeraha hilo, msimlazimishe kwa hoja.

Ndani ni ukumbi wa mikutano hasa, wenye nafasi ya kupanga meza za duara na kubakiza uwanja wa kucheza. Hili si jambo dogo kwa harusi ya kwetu, ambako kutoa zawadi kunamaanisha ukoo mzima kuja mbele ukicheza na kuku, blanketi na masufuria kichwani. Nje kuna viwanja vyenye miti, mahali pazuri pa kuwaweka wageni wanaofika saa kumi na moja kwa shughuli itakayoanza saa moja usiku. Joto la Dar mnalijua. Kagueni viyoyozi vikiwa vimewashwa, mchana, tena Februari kama mnaweza.

Utani sasa, na hapa Karimjee inanikosesha usingizi kwa raha. Ukumbi wa Bunge unaomba mchezo wa Bunge. MC awe Spika. Asiingie kama MC, atanguliwe na kijana aliyebeba siwa, hata kama siwa yenyewe ni mchi wa kinu uliofungwa utepe. Baba asihutubie, awasilishe: "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja kwamba binti yetu aende." Mashemeji wawe kambi ya upinzani, wasimame na "taarifa, Mheshimiwa Spika", wahoji gari la bwana harusi litatoka gereji lini. Ukumbi mzima ugonge meza. Mwisho Spika awahoji wajumbe, na waliosema ndiyo wameshinda. Faida yake kubwa ni kengele. Mjomba anayejulikana kwa hotuba za dakika arobaini atalalamika vipi akiambiwa "Mheshimiwa, kengele ya pili"? Anakaa, na watu wanamcheka kwa upendo.

Ongezeeni watani. Harusi ya Dar yenye Wapare na Wachaga, au Wazaramo na Wanyamwezi, haihitaji mchekeshaji wa kulipwa. Wao ndio watakaofunga mlango kwa kanga mpaka walipwe, wao ndio watakaodai ndafu imekatwa vibaya. Bwana harusi wetu wa Nyeri hana mtani hapa. Ateuliwe mmoja mapema, na aelezwe sheria za mchezo, asije akadhani anatukanwa kweli.

Kwa safari, upo katikati ya mji, jirani na Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, na mwisho wa juma ofisi zikifungwa maegesho si kazi. Wanaofunga ndoa Azania Front au Mtakatifu Yosefu wana mwendo mfupi tu wa gari. Kwa mkataba kumbukeni kwamba hii ni mali ya umma. Shughuli ya kiserikali au msiba wa kitaifa vinaweza kuangukia juma lenu, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi: ikitokea hivyo tutarudishiwa nini, tutapewa tarehe gani, na nani anatia saini? Ulizeni pia saa ya mwisho ya muziki, nani anafagia, jenereta ni ya nani, na kama mpishi wenu wa shughuli anaruhusiwa kuingia na masufuria yake. Akiruhusiwa mmeokoa fungu kubwa.

Unawafaa kina nani? Wenye kamati, wenye kadi za michango mtaani na kazini, wenye wageni mamia. Kama ahadi ndizo zinazoendesha harusi yenu, na kadi za singo na dabo zimeshaanza kugombewa, mnahitaji ukumbi wa namna hii. Hauwafai wanaotaka kukabidhi kila kitu kwa mtu mmoja na kwenda kulala.

Mambo Msiige

Jina lenyewe ni nusu ya sherehe. Jumba lilijengwa kati ya 1847 na 1850, na watu wa Unguja wanasimulia kwamba mwenyewe alikuwa na ukwasi wa kuchanganya mayai kwenye chokaa ili kuta zishike, mayai kwa maelfu, ndipo likaitwa hivyo: mambo haya msiige, hamtaweza. Baadaye wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikaa humo, kisha konseli ya Uingereza. Hoteli ilifunguliwa 2015, ikiunganisha jumba la kale na jengo jipya la pembeni, na UNESCO, iliyouweka Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, haikuficha wasiwasi wake juu ya hilo jipya. Mgeni anayejua mambo ya hifadhi anaweza kulitaja.

La kutaja zaidi ni zama zenyewe. Ukwasi wa Unguja ya miaka hiyo ulitoka kwenye karafuu na pembe, na pia kwa watumwa. Soko lao lilifungwa 1873 tu. Sidhani kama hilo linazuia harusi. Nasema kama ukoo wenu una watu ambao mababu zao walipitishwa njia hiyo, na koo nyingi za Bara wamo, hadithi ya mayai isisimuliwe kama hadithi ya mayai peke yake.

Ndani ndipo wengi wanapokosea hesabu. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa dari ya boriti za mikoko, na boriti huvuka kiasi cha mita 3 hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, kuta nene za matumbawe na chokaa, milango mizito, na katikati ua wa kupitisha hewa. Meza ya duara ya watu kumi haina kazi hapo. Kinachopendeza ni meza moja ndefu, watu wakitazamana, maharusi wakiwa katikati ya urefu badala ya kupandishwa jukwaani. Hilo linabadilisha harusi yote: hakuna meza za nyuma, hakuna asiyesikia. Vyumba vipana vipo upande wa jengo jipya, ila mkifanyia huko ulizaneni kama bado mmelipia ukale au mmelipia mandhari ya bahari. Kuta nene zinapoza mchana, na zinatunza mwangwi vilevile.

Utani wa Unguja unatembea kwa sauti ya chini na maneno makali, na hapa hamhitaji kubuni. Kidumbak, dada mdogo wa taarabu, na ngoma zake mbili ndogo, fidla na sanduku la waya, kinaingia kwenye chumba chembamba bila kukipasua, na mashairi yake yanachokoza kweli. Taarabu yenyewe ikipigwa, mashangazi wanainuka na noti kutunza, na kila anayetunza ana anayemlenga. Mji huu una Ikhwani Safaa tangu 1905, wapigaji hawatafutwi kwa tochi. Mkitaka kuingia kwa shangwe, beni iwatangulie kutoka Forodhani hadi mlangoni: ngoma na tarumbeta zilizoanza kwa kuwaigiza wanajeshi wa kizungu na bendi zao, na bado zinachekesha kwa sababu hiyohiyo. Kisha sare ya kanga. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Kanga ya harusi iliyofanyika Mambo Msiige inataka jibu lake. Mimi nimependekeza TUMEIGA NA TUTAZIDI. Bibi wa Malindi amelikataa, anasema lina kiburi, naye anatafuta lake.

Muziki usimame adhana ikisikika, hilo haliandikwi kwenye mkataba lakini linaangaliwa na mji mzima. Mavazi barabarani yawe ya stara, hata kama ndani mambo ni mengine. Tarehe pia ziangaliwe: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na Shaaban inayoitangulia hujaa harusi kiasi kwamba wapambaji na wapigaji wazuri hushikwa mapema sana.

Safari ndiyo gharama iliyofichika. Boti ya kasi kutoka Dar ni saa mbili hivi, ila wakati wa kusi, katikati ya mwaka, mkondo unaamka na suti zinachafuka kabla ya kufika Malindi. Kila mgeni wa Bara ahitaji kitambulisho, tiketi ya kwenda na kurudi, na pa kulala. Msidanganyane kwamba "watajitegemea". Wakija mia, sitini watajitegemea na arobaini watampigia simu mweka hazina.

Mkataba wa hoteli ya namna hii hufungwa kama kifurushi: chakula chao, vinywaji vyao, watumishi wao. Kamati haina cha kupika wala cha kununua jumla, na kwa baadhi yetu huko ni kupumzika, kwa wengine ni kupokonywa harusi. Ulizeni kama bei imehesabiwa kwa kichwa, kama kodi na huduma zimo ndani, na mgeni asiyetokea analipiwa au halipiwi. Na moja la kisheria: Sheria ya Ndoa ya 1971, yenye taarifa ya siku 21 kwa msajili, ni ya Bara. Zanzibar ina utaratibu wake. Kama ndoa yenyewe mnaifungia huko, siyo sherehe tu, ulizeni mapema kwa anayefungisha.

Panawafaa walio wachache, tuseme 40 au 60, wanaotaka chakula kirefu na maneno matamu kuliko dansi la mstari. Panawafaa pia wenye damu ya visiwani, ambao kwao hilo si jumba la kukodi, ni kurudi nyumbani.

Stanley

Hapa nitakuwa mfupi, siyo kwa dharau. Hoteli ni rahisi kuielewa.

Ilianzishwa 1902 na Mayence Bent, mwaka ambao Nairobi yenyewe ilikuwa bado kambi ya reli iliyoota mabati. Ikaungua 1905, ikahama, na tangu 1913 ipo pale ilipo, kona ya mitaa ambayo leo ni Kimathi na Kenyatta. Majina ya mitaa hiyo yana kejeli tamu, kwa sababu hii ilikuwa hoteli ya masetla. Soko la hisa la Nairobi, lililoundwa 1954, lilianza kwa madalali kukutana Stanley, na Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa hadi baada ya uhuru wa 1963. Babu wa bwana harusi alikuwa kijana Nyeri miaka hiyo ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Kumwona akiingia mlango wa mbele na koti lake, akiketi meza kuu na kuagiza chai, ni picha ambayo Karimjee na Mambo Msiige haziwezi kuwapa. Au pengine hataki hata kupita hapo. Aulizwe yeye.

Ndani hakuna mshangao, na nasema hivyo kwa sifa. Kumbi za hoteli zina lifti kwa wazee, vyoo karibu, sauti isiyorudi, na hali ya hewa haiwahusu, jambo la maana Julai Nairobi inapoganda. Kasoro yake ni kwamba jengo limebadilishwa mara nyingi, na historia imekaa zaidi kwenye majina na picha za ukutani kuliko kwenye mawe. Asiyesimuliwa atadhani yupo hoteli nzuri yoyote.

Basi asimuliwe kwa mchezo. Mgahawa wa Thorn Tree ulijulikana kwa mti wa mgunga ambao wasafiri walibandika barua, mwenzao akipita miezi mitatu baadaye azikute. Wekeni mti wenu ukumbini badala ya kitabu cha wageni. Kila mtu abandike barua kwa maharusi, nyingine iandikwe "isifunguliwe hadi mgombane". Soko la hisa nalo linatosha kwa MC mwerevu: hisa za bwana harusi zilifunguliwa kwa bei gani asubuhi, zimepanda au zimeshuka baada ya kuonekana akicheza? Mkae mbali na mahari tu. Mahari imeshazungumzwa na wazee na haichezewi na mtu mwenye kipaza sauti. Upande wa Nyeri wana mchezo wao wa zamani, bwana harusi kumtafuta mchumba wake kati ya wanawake waliofunikwa leso gubigubi, akikosea anatozwa faini. Desturi ni ya nyumbani, kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, lakini kipande chake kikiletwa ukumbini, shangazi mmoja wa Dar akajipenyeza kati ya waliofunikwa, pande mbili zitakuwa zimecheka pamoja kabla ya supu. Simtaji shangazi huyo.

Wanaotoka Dar watahitaji paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ndege ni zaidi kidogo ya saa moja, basi kupitia Namanga ni siku nzima. Jumamosi katikati ya Nairobi gari hukwama, kwa hiyo kanisa na ukumbi visiwe pande mbili za jiji. Mkataba ni wa kifurushi kama ule wa Shangani, maswali ni yaleyale.

Stanley inawafaa wenye wazee wengi na wageni wa nchi mbili, na maharusi wanaofanya kazi mpaka Ijumaa jioni.

Neno dogo kuhusu makanisa

Wengine huuliza kwa nini heshima yote isiishie kanisani, ukumbini iwe fujo tupu. Inawezekana kabisa. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, alilolijenga Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, lina nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa mafundi walizipachika hivyo askofu akiwa safarini, naye akaziacha. Kanisa likikubali hilo, litavumilia mpambe anayecheka. Ila ngoma, povu na fataki vibaki nje ya geti.

Kwa hali yenu

Mkiwa na michango ya watu 300 na mpishi wa ukoo ambaye hawezi kukataliwa, angalieni Karimjee kwanza, na mtafuteni MC aliyekua akisikiliza Bunge redioni. Mkiwa wachache na kila mgeni anaweza kulipa tiketi yake bila kinyongo, Mambo Msiige itawapa usiku ambao hamtaupata Bara, mradi tarehe ikwepe kusi, masika na Ramadhani. Mkiwa na wazee wa magoti mabovu, au wageni wanaotua kutoka kila upande, Stanley itawapunguzia kazi, na kazi ya ziada itakuwa kulifanya jengo liongee.

Kama mvutano ni wa ukoo na siyo wa jengo, kama ilivyo kwetu, kumbukeni kwamba harusi ya Kitanzania haina siku moja. Sendofu ni ya upande wa binti, na karamu ya harusi kwa desturi ni ya upande wa kijana. Hakuna aliyesema lazima vyote viwe chini ya paa moja au nchi moja. Nimependekeza sendofu Karimjee pamoja na Bunge lake, harusi Stanley pamoja na mti wa barua, na siku ya hina ikafanyike Unguja kwa bibi, kanga zikiwa zimeshaandikwa jina atakalolikubali. Kaka yangu anapiga hesabu ya nauli. Wifi bado hataki Karimjee. Bibi naye ametuma ujumbe kwamba hata iweje, yeye wakati wa kusi hapandi boti, kwa hiyo kikao cha tatu Jumapili kitaanza na tarehe, ukumbi baadaye.